Kanzu ya Marehemu Mbwana

Jumanne, 11 Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Mbele ya duka pamefanyika dimbwi. Wateja wanaliruka, lakini wanarukia upande wa pili, kwa Badru mpiga picha. Nimemwandikia mhariri wa gazeti barua kuhusu mifereji ya hapa Mtoni, Temeke. Ya tisa mwaka huu. Nane hazijatoka. Mhariri ananiogopa.

Hata hivyo nimepata kazi! Ya kwanza ya maana tangu nifungue Mwamko Picha za Kompyuta, miezi minne iliyopita, baada ya kiwanda cha uchapaji kubinafsishwa na mimi kupunguzwa pamoja na mashine nilizozizoea. Mke wangu Felicitas, mwalimu, alitaka kiinua mgongo changu kinunue friji, ili akitoka shuleni auze barafu na juisi ya ukwaju. Nilimweleza kuwa barafu huyeyuka na maarifa hayayeyuki. Nikanunua kompyuta, skana na printa. Programu ya picha alininakilia rafiki, pamoja na kitabu chake cha maelekezo, fotokopi, kurasa mia mbili na kumi.

Mteja ni Bi Mwajabu, mshona kofia wa nyumba ya tatu. Kaleta picha mbili zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kanga, ndani ya mfuko mwingine. Ya kwanza ni ya marehemu mumewe, Mbwana, kuli wa bandarini, siku ya Idd, kasimama mbele ya ukuta wa msikiti. Hana picha yake nyingine. Ya pili ni ya binti yao, Naima, kwenye harusi yake Ijumaa iliyopita. Naima alikuwa na siku arobaini baba yake alipofariki. Kwenye picha ya harusi amesimama upande mmoja, nyuma yake pazia la maua, na kando yake pana nafasi wazi ya mtu mmoja. Mama yake ndiye aliyemwagiza mpiga picha aiache.

Anataka Mbwana aingie kwenye nafasi hiyo. Basi. Naima yuko fungate, hatoki ndani mpaka Ijumaa. Jumapili anapanda ndege na mumewe kwenda Maskati, na hajui atarudi lini. Mama anataka aondoke na picha moja aliyosimama na baba yake, kwa sababu hawakuwahi kusimama pamoja.

Mpiga picha wa harusi alikuwa Badru. Miaka ishirini Badru anaunganisha watu kwa mkasi, gundi na brashi, lakini hii kaikataa. Kamwambia Bi Mwajabu kuwa kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta mweupe, na yeye haoni kanzu inaishia wapi. Akikata atakuwa anambunia marehemu mwili. Woga! Hivi ndivyo viwanda vidogo vinavyokufa katika nchi hii.

Nimeahidi Alhamisi. Nikamweleza Bi Mwajabu habari ya matabaka, kwamba kila picha ni kama karatasi ya kioo juu ya nyingine, na pale pasipo na kitu juu, unaona ya chini. Nilieleza nusu saa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama Mbwana hatadhurika. Nikacheka kidogo, kitaalamu.

Badru amekwisha.

Jumatano, 12 Novemba

Nimezipitisha picha zote mbili kwenye skana. Nasoma kitabu. Nimefika ukurasa wa thelathini na moja. Siendi haraka kwa sababu siwezi kuacha hoja ipite bila kujibiwa. Pembeni mwa ukurasa wa tisa nimeandika "Nani kasema?" Ukurasa wa kumi na saba, "Hii ni dharau." Ukurasa wa ishirini na sita umehitaji karatasi nne za ziada.

Nimemkata Mbwana kwa mraba mkubwa, nikamhamishia kwenye tabaka lake mwenyewe. Papo hapo pembeni mwake pakajaa miraba midogo ya kijivu na nyeupe, kama ubao wa drafti. Sikuiweka mimi! Nikazima mashine, nikaiwasha. Ipo. Marehemu kasimama kwenye vigae vya hoteli.

Nadharia yangu ni kwamba programu imegundua kuwa imenakiliwa. Mabepari wa siku hizi hawakushitaki. Wanakutilia vigae.

Mimi si mtu wa kutishwa. Nimechukua brashi iliyomo ndani ya programu, nikaipaka miraba yote rangi nyeupe, mmoja baada ya mwingine. Imenichukua saa nne na nusu. Vidole vimekufa ganzi. Hakuna mraba uliosalimika.

Kisha nikamweka Mbwana juu ya picha ya harusi. Kaingia na ukuta wake wa msikiti, na weupe wangu wote. Ubao mmoja mkubwa kama mlango. Umefunika pazia, umefunika nafasi iliyoachwa, umefunika na bibi harusi. Naima kabaki jicho moja na bega moja.

Felicitas kapita akitoka shuleni, miguu matope. Akasimama nyuma yangu akatazama. Akasema baba wa watu anaonekana yuko ndani ya friji. Akasema basi, friji tumeipata. Akaenda kupika.

Alhamisi, 13 Novemba

Bi Mwajabu kaja saa mbili asubuhi na bahasha ngumu aliyoinunua ili picha isikunjike safarini. Nikamwambia kesho. Akasema sawa. Akatazama kalenda ukutani, akasema tena sawa. Bahasha kaniachia.

Nimegundua kifimbo! Ni alama ndogo pembeni mwa kioo cha kompyuta, kama fimbo ya mazingaombwe. Unabonyeza rangi moja mahali popote, na programu inakusanya rangi hiyo yote ilipo. Unafuta. Imeondoka. Kitabu kinakieleza mbele huko, lakini mimi nimekifikia kwa akili zangu tu, bila kupitia maelezo ya mtu.

Nimebonyeza ukuta wa msikiti, mara moja. Ukuta umeondoka wote, kama haukuwahi kujengwa. Nimepiga kelele mpaka muuza mihogo wa nje kachungulia. Miraba ya vigae imerudi, lakini leo sikuijali. Nilimchukua Mbwana nikamweka kando ya binti yake. Hakuna ubao mweupe tena. Pazia la maua linaonekana vizuri kabisa, kila ua.

Nilikuwa natafuta karatasi ya kuchapia Badru alipoingia kujikinga na mvua. Hakuna mtu aliyemwita. Alitazama kioo huku anajifuta maji.

"Profesa," akasema, "mwenyewe kaenda wapi?"

Nikatazama. Palikuwa na uso wa Mbwana, mikono miwili, na miguu ndani ya makubadhi. Katikati palikuwa na pazia. Kofia imekwenda. Kanzu yote imekwenda, tangu kola mpaka kifundoni. Uso ulikuwa unatabasamu kidogo, kama mtu ambaye bado hajaambiwa.

Nikamwambia Badru kuwa hii ni hatua ya kati. Akasema aah. Akasubiri mvua ipungue, na ilichukua dakika arobaini, na muda wote huo hakuacha kutazama.

Alipoondoka nikaelewa. Programu hii imetengenezwa na watu wasiovaa kanzu! Kwao weupe ni karatasi, ni theluji, ni mahali ambapo bado hapajawekwa kitu. Hapa kwetu weupe ni mtu kavaa. Ni Ijumaa, ni Idd, ni sanda, ni shati la mwanafunzi ambalo mama yake kalifua kwa mkono. Ukiiambia mashine iondoe weupe wa Temeke, inakuondolea Temeke yenyewe. Wanatuuzia kifutio halafu wanatuita watumiaji!

Nimeanza kijitabu. Jina lake ni Nyeupe Si Utupu. Mpaka jioni nilikuwa ukurasa wa kumi na nne, na sijawahi kuandika vizuri hivi tangu nikiwa katibu wa tawi la wafanyakazi.

Picha sikuigusa tena.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeamka na ufumbuzi. Kama kanzu ya Mbwana imeondoka, Mbwana apewe kanzu nyingine. Mimi ninayo, kanzu ya kwetu Bukoba ya kuvalia sherehe. Nitapigwa picha nimeivaa, nyuma yangu pawe na rangi nyingine isiyo nyeupe, kifimbo kiile hiyo rangi tu, kanzu ibaki. Nijikate kichwa. Niweke cha Mbwana.

Tatizo dogo ni kwamba sina kamera. Mwenye kamera, pazia la buluu na chumba cha kusafishia picha hapa mtaani ni mmoja.

Nilivuka dimbwi kichwa juu. Nikamwambia Badru nataka picha ya pasipoti. Akaniuliza pasipoti ya nchi gani siku hizi inataka mtu na miguu yake. Nikamjibu taratibu zimebadilika. Akaniuliza na kofia je. Nikasema nimesahau. Akaniazima yake, akaninyoosha kola, akaniambia nitulize mikono. Saa moja baadaye nilikuwa na picha mkononi, bado ina unyevu. Mtu huyu alikuwa ananipa silaha ya kumzikia na hakujua.

Kifimbo kimekula pazia la buluu na hakikugusa hata uzi mmoja wa kanzu. Ushindi! Nikaondoa kichwa changu. Nikaweka uso wa Mbwana chini ya kofia ya Badru, nikaweka mikono ya Mbwana kwenye mikono ya kanzu. Nikamsogeza kando ya Naima. Amekaa vizuri sana. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, nafasi imejaa.

Bi Mwajabu alifika baada ya swala ya Ijumaa. Nikamwekea kiti. Akatazama uso kwanza, na nikaona ameutambua, kwa sababu alisema jina lake taratibu kama anamwita chumba cha pili. Kisha akashuka. Akaweka kidole kwenye kioo, katikati ya kanzu.

Akauliza hili tumbo la nani.

Nikasema ni mkunjo wa kitambaa. Akanitazama mimi. Akatazama kioo. Akanitazama tena, chini ya shingo.

"Bwana Ansbert, hili lako. Mbwana alikuwa kuli, tumbo angelipatia wapi? Mwanangu hamjui baba yake. Nikimpa hili atalipokea, na atakuja kuwaonyesha wanawe. Bora nafasi ibaki wazi."

Nikamweleza kuwa asilimia thelathini ya picha ni Mbwana halisi. Akasema fungate imekwisha leo, kesho atakuja na Naima kuchukua picha zao mbili, zilizokuja kwenye kanga. Akachukua na bahasha.

Nimemsimulia Felicitas ili nipate mtazamo wa nje. Akauliza kwa nini sikulibana.

Jumamosi, 15 Novemba

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa nane mchana. Walifika saa nane na dakika tano.

Naima ni mrefu, mkimya, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Akasema shikamoo mjomba. Nikasema marahaba. Kabla ya kuolewa alikuwa mpiga chapa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na amewahi kusoma kozi ya kompyuta mjini, kwa hiyo badala ya kuchukua picha na kwenda alisimama kutazama kioo. Mbwana alikuwa pale, uso na mikono, juu ya vigae. Mama yake akageuka akatazama mlango.

Naima akaniuliza kama naweza kumpa kitabu. Nikampa, nikamtahadharisha kuwa kina makosa mengi na mengi nimekwisha kuyasahihisha. Akaenda moja kwa moja kwenye orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu, mahali ambapo msomaji makini hafiki kabla ya mwezi mzima, akafungua ukurasa wa themanini na nane. Akasoma. Akasema miraba ile si kitu. Ni alama tu. Programu inaonyesha kuwa hapo hapana chochote, pako wazi, na tabaka la chini litaonekana. Haipakwi rangi. Haichapwi.

Nikamwuliza kwa nini basi mtu achore kitu ili kuonyesha kuwa hapana kitu. Akasema hajui, mjomba. Nimeliandika swali hilo. Hawatalijibu.

Akaomba kukaa. Kiti ni kimoja, nikampisha. Akafuta kazi yangu yote, akairudisha picha ya Idd kama ilivyoingia, akaikuza mpaka bega la Mbwana likajaza kioo kizima. Weupe mtupu. Akasema kuna kalamu unayozungushia mtu kwa mkono, nukta kwa nukta, na yaliyo nje yote unayafuta, na weupe wa ndani unabaki. Ila lazima uone mstari. Alitazama sana. Akasema kwa sauti ndogo kuwa haoni, ni kama Badru alivyosema.

Nikawaambia ndiyo maana ya kifimbo.

Hapo Bi Mwajabu akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Akasogeza uso mpaka karibu pua iguse kioo. Akasema, "Anza hapa. Huku ukuta. Huku yeye."

Naima akamwuliza anaona nini.

"Weupe wa chokaa si weupe wa bafta ya kanzu. Miaka thelathini natia uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, wadhani huwa natazama nini? Teremka."

Wakateremka. Mmoja anaonyesha kwa ukucha, mwingine anabonyeza. Nimesimamia kazi yote. Nilishauri mara tatu waongeze kasi, na mara mbili nilinyoosha mkono kuelekea kipanya, na mara zote mbili Naima akasema mjomba, tafadhali, usiguse. Kila baada ya dakika chache alihifadhi kazi, kwa kuogopa umeme. Kizazi hiki hakina moyo wa kuthubutu.

Kwenye bega la kushoto Naima alipitisha mstari sambamba na la kulia. Mama yake akamshika mkono. Akasema hapana, hili lilishuka. Naima akasema pichani halionekani kushuka. Bi Mwajabu akasema tazama. Naima akatazama. Akasema ehe, kweli, limeshuka. Akauliza kwa nini. Alikuwa akibebea magunia bega hilo. Magunia ya nini? Korosho, siku nyingine sukari. Korosho alikuwa akizificha mfukoni mwa kaptula akamletea yeye Bi Mwajabu, alipokuwa na mimba. Mimba yangu mimi? Yako wewe, ulikuwa unapenda korosho kabla hujazaliwa. Naima alirudisha nukta tatu, akaliteremsha bega.

Kuanzia hapo wakawa wanazungumza kuliko wanavyobonyeza. Kwapa lilichukua nusu saa. Kola, dakika ishirini. Kofia, Bi Mwajabu alisema aliishona yeye, na akaitaja mishono yake mmoja mmoja ingawa kwenye kioo hapakuwa na mshono wowote, palikuwa na ukungu. Mimi nilikwenda kununua mihogo. Niliporudi walikuwa kifundoni.

Saa kumi na mbili kasoro Naima akafuta yaliyo nje. Vigae vikatokea pande zote, na katikati amesimama mtu. Mzima. Mwembamba. Kanzu ipo. Akamchukua akamweka juu ya picha ya harusi, kwenye nafasi iliyoachwa, na pazia la maua likaja mpaka kwenye mpaka wa kanzu, likakoma. Yeye ana rangi zake za zamani, nyeusi na nyeupe, binti ana zake.

Nikaona ni wajibu wangu kukagua. Nikakagua. Nikaona kosa! Kati ya mkono wa kushoto wa Mbwana na mbavu zake palikuwa pamebaki tobo, pembetatu ndogo, na maua ya pazia yanachungulia ndani yake. Nikawaonyesha. Nikasema pana mahali wamepitiwa, na kwamba naweza kupajaza weupe sasa hivi, ni brashi moja.

"Paache," akasema Bi Mwajabu. "Hapo hakuziba. Tukienda kutazama ngoma za Idd, mie nilikuwa nikipitisha mkono wangu hapo, ndani ya buibui, watu wasione."

Nikaona si wakati wa kubishana.

Tumechapa nakala mbili. Moja imeingia kwenye bahasha ya Maskati. Nyingine Bi Mwajabu kaifunga kwenye kanga na picha zake mbili. Naima aliniambia asante mjomba, na akaniandikia hatua zote kwenye karatasi, kwa mpangilio, kwa mwandiko mzuri wa ofisini. Nikamwambia nimefurahi kuwa ameweza kujifunza kwangu.

Jumapili, 16 Novemba

Ndege saa kumi jioni. Felicitas alikwenda uwanjani nao, mimi nilibaki na kijitabu. Amesema Naima hakuiweka bahasha kwenye sanduku. Aliishika mkononi mpaka kwenye mlango wa abiria, na mumewe alipotaka kumpokea alimpa mkoba. Bi Mwajabu hakulia uwanjani. Alilia kwenye gari wakati wa kurudi, kidogo, kisha akauliza bei ya vitunguu.

Jioni Badru kavuka dimbwi. Alikuwa amekwenda kumpa Bi Mwajabu mkono wa pole kwa kuondokewa na binti, akaonyeshwa nakala. Alisimama mlangoni. Akasema mpaka ule kwenye kwapa, yeye asingeuweza, hata kwa mkasi wa daktari. Akauliza ni nani kauchora.

Nikamjibu kuwa ni ofisi.

Akasema kama ni hivyo, wateja wake wa kanzu atakuwa anawaleta kwangu. Nikampa mkono. Sikutaka kumdhalilisha zaidi.

Felicitas ananishauri tumwombe Bi Mwajabu aje mara mbili kwa wiki, akae na mimi kwenye mashine, nami nishike kalamu kama alivyoshika Naima. Nimemweleza tofauti kati ya ushonaji na teknolojia. Amekwenda kulala nikiwa katikati ya maelezo.

Alhamisi, 20 Novemba

Jua! Dimbwi limekauka upande wangu.

Nimetundika kibao kipya, herufi nyekundu: MWAMKO, BINGWA WA NGUO NYEUPE. Nimetafakari kwa siku tatu kwa nini kazi ya Mbwana ilifanikiwa, na nimefikia uamuzi. Kwanza, msukumo wa kinadharia wa kijitabu changu. Pili, uongozi. Tatu, kifimbo, ambacho kilisafisha njia. Kuzungushia mtu nukta kwa nukta kulitufaa siku ile kwa sababu za kifamilia, lakini mtu mmoja kwa saa nne si uzalishaji. Karatasi ya Naima ina upande wa nyuma mzuri, haujaandikwa. Nimeandikia sura ya tano.

Leo kaja sista Gladness, muuguzi. Ishirini na wanne wamehitimu pamoja mwezi uliopita. Sare nyeupe, kofia nyeupe, soksi nyeupe, wamepigwa picha mbele ya ukuta wa wodi uliopakwa chokaa. Picha inakwenda kwenye mahafali ya Jumamosi, itundikwe ukumbini mbele ya wazazi wote, na wanataka ukuta uondoke, waonekane wamesimama bustanini penye maua. Aliuliza kama siku mbili zinatosha. Nilimwonyesha kibao.

Bi Mwajabu, aliyekuwa akipita na kofia zake, alisimama akaitazama picha. Akasema kuna kazi ya wiki tatu hapo, na kwamba akimaliza oda yake anaweza kuja kunionyesha mipaka, bure. Nilimshukuru. Nikamwambia apumzike.

Nimebonyeza mara moja tu. Ukuta umeondoka wote, na maua yanaonekana kila mahali. Nyuso ishirini na nne zimetoka safi sana, sijaona nyuso safi kama hizi.

Nguo nitazishughulikia kesho.